Ushirikiano wa Tausi na Kanga

Kila msimu Tausi wa nchi ya ng'ambo alizichoka nguo zake, akazitupa kwa Kanga. Rundo likaifukia chemchemi waliyonywea vifaranga wa Kanga.

Tausi alipokuja kutembea, Kanga alilalamika.

"Dada, huu ni ushirikiano wa kimataifa," Tausi akajibu. "Sisi tunabuni, ninyi mnapokea."

"Kaka, tutaje vitu kwa majina yake. Hilo ni jalala."

"Mwenye madoadoa anifunze mitindo!" Tausi akacheka.

Haukupita muda, manyoya ya mkia wake yakapukutika, kama yanavyopukutika kwa kila tausi. Akajificha nyuma ya rundo lake mwenyewe. "Dada, nisitiri."

Kanga akamwita Mnana, msukaji wa viota. Wakachambua matambara, Mnana akayasuka yakawa vazi zuri ajabu.

"Kwetu watalililia hili!" Tausi akanyoosha shingo alivae.

Kanga akalikalia. "Chakura kwanza, kaka. Vifaranga wana kiu."

Tausi akachakura upande wake, Kanga na Mnana upande wao, mpaka maji yakatoka. Vifaranga walipokwisha kunywa, Kanga akamkabidhi vazi.

"Sasa lile jina lako la ushirikiano, kaka, unaweza kulitumia."