Msumeno Ulioombewa

Usharika ulikuwa umeshauombea msumeno wa meza kabla mume wangu hajaugusa. Mwingereza aliyetuuzia alikuwa amehama Oldonyo Sambu, akarudi kwao. Pesa zote za kahawa yetu ya msimu ule ziliishia kwenye msumeno huo.

Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa kanisa. Aliegemeza penseli kwenye meza ya chuma, akauzungusha msumeno taratibu kwa mkono. Meno ya upande mmoja yaligusa ncha ya penseli. Ya upande wa pili yalipita mbali nayo.

“Mhimili umepinda,” alininong’oneza. “Huu utamrushia mtu mbao.”

“Waambie.”

Aliwatazama akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele, kisha kuta za kanisa zisizo na paa.

“Niwaambie nini, Mama Eunike? Wameshasema amina.”

“Fundi, unauposa?” mzee wa kanisa aliita, watu wakacheka. “Washa tuusikie!”

Mkanda ukafungwa kwenye injini. Injini ikanguruma.

Mume wangu alichukua ubao wa kwanza, akaurudisha chini. Akavua pete yake ya ndoa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado na joto la kidole chake.

“Nishikie,” alisema.