Parachichi la Kasuku

Paskazia alichagua parachichi lililoiva kuliko yote kikapuni, akalipasua, akanusa. Lilikuwa zuri hata akaona uchungu kulitoa. Lakini adui naye hulishwa vizuri, hasa mara ya mwisho.

Adui mwenyewe alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Tundu lake lilining'inia ng'ambo ya ua wa matete, kwa jirani yake Donatienne, Mkongomani aliyeuza vitenge sokoni Gitega. Tangu mwezi wa saba, kila kulipokucha, sauti nyembamba ya puani ilipaa kutoka pembe ile ya ua na kuamsha nusu ya mtaa wa Mushasha:

"Paskazia! Mgumba! Rudi Ngara!"

Watu walicheka. Mwanzoni walijificha, baadaye hawakuona sababu ya kujisumbua. Alipomshtaki ndege kwa mzee Nazario, mkuu wa mtaa, mzee alimuuliza kama angependa mshtakiwa afungwe ndani ya tundu. Donatienne, ambaye saa hizo huwa ameshaondoka kwenda sokoni, aliapa hajawahi kumsikia.

Kilichomuuma Paskazia zaidi ni kwamba walikuwa marafiki. Aliporudi kutoka Ngara, Tanzania, alikokulia, hakuwa na mtu Gitega isipokuwa mumewe, Manase. Donatienne naye alikuwa mgeni, na wageni hupikiana. Ndipo Paskazia alipomfungulia moyo: miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Na Donatienne aliposafiri kwenda Bukavu wiki moja, alimwachia kasuku pamoja na maagizo marefu kuliko ya mtoto mchanga.

"Usimuache peke yake siku nzima, atajing'oa manyoya. Mupatie mahindi, ndizi, karanga kidogo. Avoka, ile munaita parachichi, hapana, avoka inamuuaka. Na usingojee aseme. Si kila kasuku inasemaka. Huyu, miaka mbili, hata bonjour sijamusikia."

Hata bonjour! Paskazia alipolikumbuka neno hilo sasa, damu ilimchemka. Kila alipotoka mbio asubuhi kuchungulia, ndege alikuwa ametulia, kichwa kimeinama upande, mnafiki kama anayemfuga.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu: Anisia, mama mkwe wake, ambaye Manase alimleta kutoka Nyarusange mwezi wa sita kwa sababu ya mguu mbovu. Mama huyo hakutoka nje. Siku nzima alikuwa kitandani katika chumba cha nyuma, karibu na ua, na alisema kelele zile humwamsha yeye kabla ya wote.

"Mwana wangu, usilie," alimwambia. "Ule Mukongomani iko na roho mbaya. Ni yeye anafundisha ule ndege."

Manase alifanya biashara ya kununua maharage Gashoho, kule Muyinga, na alirudi nyumbani kila baada ya Jumamosi mbili. Safari iliyopita alisikia kwa masikio yake, akajifunika shuka. Wakati wa kuondoka alisema:

"Nikirudi tuzungumze, Paskazia. Siwezi kuchekwa kila nikipita barabarani."

Paskazia alijua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi: begi mlangoni, na gari la kwenda mpakani. Alimpenda mume wake, na hakuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya ndege. Basi kasuku asingeiona Jumamosi.

Dawa ya moto ni moto. Alhamisi, Donatienne akiwa sokoni, Paskazia alipenyeza mkono katikati ya matete na kusukuma kipande cha parachichi kwenye tundu. Kasuku alimtambua. Alikipokea kwa mguu, akala polepole, kisha akanyoosha shingo kuomba kingine. Paskazia alimpa hadi likaisha.

Ijumaa jioni Donatienne alisimama kwenye lango la mbele. Alibeba kitenge kilichokunjwa, na mkia mwekundu ulichungulia kwenye upindo.

"Iko na avoka ku mdomo," alisema taratibu. "Mi sitapiga kelele, Paskazia. Ila mbele ya Mungu, hii ndege haikukutukana. Haikusemaka. Ilikuwa inanisikiliza tu."

"Utadanganya mpaka kaburini," Paskazia alimjibu, akafunga lango.

Hakumwambia mtu. Mama mkwe alikuwa ameshalala, na habari njema kama ile ilistahili kupelekwa asubuhi, pamoja na chai. Usiku huo Paskazia alilala usingizi ambao hakuupata tangu mwezi wa saba.

Jumamosi alfajiri aliwasha moto, akateleka maji, akaanza kuimba. Manase angefika mchana. Alikuwa ameshamtengea kuku.

"Paskazia! Mgumba! Rudi Ngara!"

Kikombe kilimponyoka. Alikimbilia uani, akatenganisha matete kwa mikono miwili. Tundu lilikuwa tupu, mlango wake wazi. Chini yake alisimama Donatienne, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni, ufagio mkononi, macho mekundu. Hakumtazama Paskazia. Alitazama nyuma yake, kwenye dirisha la chumba cha nyuma.

"Mwana wangu," Anisia aliita kutoka dirishani, kwa sauti yake ya kila siku, "umesikia tena ule ndege?"