Mguu wa Kushoto

"Mie sijawahi kunyanyua chuma hata siku moja, kocha," mgeni alisema. Lakini Sekela alipomkabidhi vyuma viwili vidogo, viganja vyao viligusana. Cha mgeni kilikuwa na sugu nne chini ya vidole, ngumu kama punje za mahindi makavu.

Bosi wa jimu ndiye aliyemleta asubuhi hiyo. "Mfundishe taratibu, alijue darasa lako lote," alimwagiza Sekela, akaingia ofisini na kuliacha wazi pazia la dirisha la kioo.

Darasa la wanawake likaanza. Mgeni alijitia kuyumba kila walipochuchumaa, ila pumzi zake hazikukosea hesabu.

Basi Sekela akamtega. Aliwapigisha hatua ndefu kumi na mbili, goti chini, kwa mguu wa kulia tu, kisha akapiga makofi. "Tumemaliza! Wekeni vyuma chini."

"Bado wa kushoto!" mgeni aliropoka, kwa sauti ya kocha iliyozoea kushindana na spika za muziki.

Wanawake wote wakatanguliza mguu wa kushoto. Mgeni akaziba mdomo kwa kiganja chake chenye sugu.

Sekela akageukia ofisini. Bosi alikuwa analifunga pazia.