Mnyororo wa Kisimani

Mshamu, bwana afya wa mji, alipofunga kisima kwa mnyororo, Bi Mwatime alikuwa wa kwanza kufika na ndoo yake.

"Maji haya yana kipindupindu, shangazi," Mshamu alimwambia. "Serikali imekataza kuyateka."

"Serikali gani? Si wewe niliyekuwa nakuogesha kwenye karai? Leo wewe ndiye wa kunifungia kisima?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mshamu akainamisha kichwa. Kumkatalia mtu aliyemlea, tena mbele ya watu, kulimshinda. Akafungua kufuli, na ndoo zikashuka.

Hata wiki haikuisha, kipindupindu kikaingia mtaani. Mshamu alirudi na mnyororo uleule, kufuli likikataa kufunga. Bi Mwatime akatokea, kanga ya msiba kaifunga kiunoni. Asubuhi ile walikuwa wamemzika mjukuu wake. Safari hii hakubeba ndoo.

"Kwa nini siku ile ulinisikiliza?" akauliza.

"Wewe ni shangazi yangu."

"Pale kisimani sikuwa shangazi yako, Mshamu. Nilikuwa mtu na ndoo yake, kama wale wengine. Ungenifukuza."

Bi Mwatime akashika ncha ya mnyororo, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka kufuli likafunga. Kisha akaketi juu ya kifuniko cha kisima.

Kutoka mwisho wa uchochoro mdogo wake Bi Mwatime alikuwa anakuja, ndoo tupu mkononi, akimwita dada tangu mbali.