Kijana Aliyekataa Kiti

Zadock Odero alipomwona Peres akitokea upande wa pili wa River Road, aliingia duka la vyuma na kujibanza nyuma ya mabati. Alidhani hakuonekana. Peres alimwona vizuri, hasa viatu vyake vya kahawia vilivyochungulia chini ya mabati, vimetulia kama vya mtu asiye na hatia.

Peres hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wake wa uhasibu pale chuo kikuu.

Zadock alikuwa mmoja wa vijana waliorudi nyumbani mwaka ule wa 1976, mambo yalipoharibika Kampala, wakaomba kumalizia Nairobi shahada ya biashara waliyoianza huko. Walipewa muhula mmoja wa majaribio. Kila mwalimu alikuwa na neno lake, na mmoja tu akikataa, kijana alifungasha virago akarudi kwao Siaya kushika jembe.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angejipendekeza kidogo. Wapi. Siku ya kwanza Peres alipita akiwasalimu wageni kwa mkono, na alipomfikia Zadock, kijana akalikumbatia faili lake kwa mikono yote miwili na kutazama sakafu. Mkono wa mwalimu ukabaki unaelea hewani, darasa likacheka. Tangu hapo Zadock alikaa nyuma kabisa, penye nguzo. Peres akipita kati ya viti, yeye aliinamia daftari mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akiulizwa swali alijibu sawasawa, ila aliijibu nguzo. Tena hakumwita Madam kama wenzake. Alimwita Mama, kwa sauti ndogo, na Peres alisikia dhihaka ndani yake.

Jambo hilo lilimnyima raha kabisa. Alikuwa mwanamke pekee katika idara ile, na wanaume wasiopenda kufundishwa na mwanamke alikwisha kuwaona wa kila aina. Lakini hao angalau walimdharau wakimtazama usoni. Huyu alikuwa Mjaluo mwenzake, kijana wa kwao hasa, na kwa hiyo iliuma zaidi. Peres alikuwa akikaa ofisini anainuka, anafungua dirisha, analifunga, anashika kazi za wanafunzi na kuziweka chini bila kusahihisha hata moja.

Nyumbani, mtaa wa Mountain View, hadithi ilikuwa hiyo hiyo kila jioni, binti yake Lornah akipakua chakula.

"Labda ni heshima tu, Mama," Lornah alisema.

"Heshima gani ya kumpa mtu mgongo?"

"Si umpe nafasi. Huwezi kujua."

"Nijue nini? Nimefundisha watu wangapi mimi?"

Lornah alikumbuka chumvi jikoni, na alichelewa kurudi nayo.

Muhula ulipokaribia kwisha, mkuu wa idara, Mwanzia, alimsimamisha Peres kwenye ngazi.

"Hii maneno ya vijana wa Kampala tunamaliza kesho," alisema. "Huyo Odero sisi wote tumempitisha. Imebaki wewe."

"Kijana hanitaki, Mwanzia. Mimi ni kama ukoma kwake."

"Basi mwite ofisini, muulize maswali uso kwa uso. Akileta kiburi, mwachilie aende."

Peres hakulala vizuri. Alipofika ofisini asubuhi, alikivuta kiti cha mgeni mpaka kikagusa meza yake, mahali ambapo mtu hana pa kuficha uso. Alifanya makusudi, na wala hakuona haya.

Zadock alibisha hodi, akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Karibu. Keti hapo."

"Naweza kujibu nikiwa hapa, Mama?"

"Hapana."

"Hata nikisimama kule nje? Nitaongea kwa sauti."

Peres alichukua kalamu.

"Bwana Odero, umenikatalia mkono mbele ya darasa. Umenikimbia barabarani kama mwizi. Mimi sikuombi unipende. Ukikaa kwenye kiti hicho, tutaongea hesabu, na ukizijua utamaliza digrii yako. Usipokaa, naandika hapana, halafu utaenda kuwaeleza wazazi wako kwamba ulishindwa kumtazama mwanamke. Unakaa ama hukai?"

Kijana alikitazama kiti. Alikitaka kiti kile, hata kipofu angeona. Miaka yake yote ya Kampala ilitegemea kiti kile. Akapiga hatua moja, akasita, kisha akageuka na kumpa mwalimu mgongo wote.

Peres alianza kuandika.

"Andika tu, Mama," Zadock aliuambia mlango. "Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, na heshima hiyo siwezi kuivunja kwa sababu ya digrii. Lornah alisema atakueleza mwenyewe, kabla wazee wetu hawajafika kuposa."

Kalamu ilisimama.

Kisha Peres akainuka, akakivuta kiti chake na kukigeuza, akaketi akiwa amempa kijana mgongo.

"Haya," akauambia ukuta. "Swali la kwanza."