Mguu Alioinua Mbuni

Mbuni alipoteguka kifundo cha mguu wa kushoto katika mbio za wanyama, wa kwanza kumpa pole alikuwa Fisi Madoa.

"Pole sana, dada. Njoo kwangu nikuchue," alisema, mate yakimdondoka.

"Ahsante, kaka. Nitachuliwa na wasio na njaa."

Mbuni akajipumzisha katikati ya kundi lake mpaka uvimbe ukaisha. Kisha akaenda kwa Korongo, bingwa wa kusimama kwa mguu mmoja.

"Simamia huo huo ulioteguka," Korongo alimwambia, "uzoee tena kukubeba."

Mbuni alianguka mara nyingi, akainuka. Asubuhi moja alikuwa peke yake uwandani, ametulia kama nguzo, mguu wa kulia ameukunja hewani.

Fisi akamwona. "Maskini, hata kukanyaga hawezi!" akacheka, akamrukia upande wa mguu ulioinuliwa.

Kumbe huo ndio uliokuwa mzima siku zote. Teke lilimpata kifuani, likamtupa kichakani. Na mguu wa kushoto, uliobeba mwili wote teke liliporushwa, haukutikisika hata kidogo.

Mbuni akautazama kwa furaha, akaenda kuandikisha jina lake mbioni.