Dede ya Shemsa

"Sasa unamfunga mtoto kama mbuzi wa Idi!" mama mkwe alinifokea, huku ameshika nondo ya dirisha asije akaelea.

Ni kweli nilikuwa nimemfunga. Nilikata tyubu ya baiskeli, nikamzungushia Shemsa kiunoni, ncha zake nikazikaza kwenye misumari niliyopigilia sakafuni. Mwanangu alizaliwa baada ya uzito kutoweka duniani. Hajawahi kuanguka, wala kusimama. Kwenye masomo ya jioni mwalimu alituambia kwamba mifupa isiyobeba kitu hulegea. Sasa uzito ukirudi siku moja, nami naamini utarudi, huyu atasimamia nini?

"Na usiporudi?" mama mkwe aliuliza.

"Basi atakuwa na miguu mizuri tu, mama. Ya kuringia."

Alicheka bila kutaka.

Mpira ulivuta, nyayo za Shemsa zikagusa sakafu. Alikunja uso, akalia, magoti yakamlegea. Nikampigia makofi na kumwita kama tulivyoitwa sote tulipojifunza kusimama: "Dede! Dede!" Mama mkwe naye akaitikia; neno hilo halikuwa limesikika nyumbani kwetu tangu vitu vianze kuelea.

Shemsa akasimama. Akayumba, akasimama tena.

"Njoo kwa mama," nikamwambia, mikono nimeikunjua.

Hakunitazama. Alinyoosha mikono yake kuelekea darini, alikozoea kuelea, kama watoto wa zamani walivyokuwa wakiomba kubebwa.